Mwendo wa Mlinzi Kifundo

Dar es Salaam
12 Februari 1997

Kaka Castory,

Salaam nyingi. Naipitisha barua hii kwa padri wa Kinole kwa sababu sina anwani yako. Mtu mmoja wa Morogoro kaniambia bado uko huko mlimani, kwamba unalima machungwa na pilipili manga, na kwamba hutaki tena kuiona kalamu ya wino. Hilo la mwisho nimekataa kuliamini.

Ni mimi Shobha, binti wa Mzee Dinesh mpiga chapa. Baba alifariki mwaka juzi. Mashine zake zimeuzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, lakini niliwahi kuyaokoa magazeti yetu yote, na ndani yake yumo Mpelelezi Sange, tangu siku ya kwanza ulipomchora na koti lake refu na ile pua ya kupekua mambo ya watu.

Sasa nisikilize. Nafanya kazi katika studio moja hapa Dar. Tangu watu binafsi waruhusiwe kufungua vituo vya televisheni, kila mwenye sabuni anataka tangazo, na vijana wetu wamejifunza kuchora picha zinazotembea. Siku moja nikawaonyesha Sange. Hawakutaka kurudi kwenye sabuni. Tumeshapata mfadhili, Kaka Castory. Tunatengeneza filamu ya katuni ya nusu saa, hadithi ya upelelezi, na tumechagua ile yetu ya mwisho, "Miavuli ya Masika", iliyokatika kabla mwizi hajajulikana.

Sitaki Sange wa kisasa. Nimewaambia pua iwe ileile, mistari itetemeke kidogo pembeni kama mkono wako ulivyokuwa ukitetemeka, maneno yaelee hewani ndani ya viputo kama gazetini, na hata lile doa la wino ambalo mashine ya baba ililiacha kila wiki kwenye kona ya chini lionekane. Nataka mtu mzima wa Morogoro akikaa mbele ya filamu hii aseme, ndiye huyuhuyu.

Nahitaji ruhusa yako, na nauhitaji mkono wako. Nijibu upesi.

Dada yako,
Shobha Dinesh


Kinole
9 Machi 1997

Dada Shobha,

Barua yako niliipokea Jumapili baada ya misa, na padri alitaka kujua huyu Mhindi wa Dar anayeniandikia ni nani. Nikamwambia ni mtu aliyenifundisha mahali pa kuweka nukta. Pole sana kwa msiba wa Mzee. Sikupata habari, ningekuja. Alikuwa akinigombeza kwa kumwaga wino, kisha ananipa chai yenye iliki nyingi kuliko sukari.

Sange wa kweli, wanyama wale wadogo wa msituni, bado wanapita nyuma ya nyumba yangu, wanapekua majani makavu kwa zile pua kama watu waliopoteza kitu. Na bado nikishuka sokoni mjini kuna watu wazima wananishika mkono na kuniuliza, hivi yule mwizi wa miavuli alikuwa nani? Huwa nawajibu kwamba karatasi ziliisha. Si uongo, ingawa wewe na mimi tunajua kwa nini karatasi za baba yako ziliisha wiki ileile ambayo Sange alikuwa amtaje mwizi.

Vijana wako hawakuwepo, kwa hiyo naomba uwasomee sehemu hii. Abasi Mwinshehe alikuwa mlinzi wa kiwanda cha miavuli. Zamani alikuwa mpakiaji humohumo, mpaka robota la vitambaa lilipomwangukia na kumvunja goti la kushoto, wakampa filimbi na koti na kumweka getini. Masika moja, miavuli ilipotoweka ghalani, meneja, Bwana Geofrey, alisema ni mlinzi. Abasi alituambia pale kwenye mashine, amekaa juu ya bunda la karatasi, kwamba lori la meneja mwenyewe lilikuwa likitoka limefunikwa turubai, na yeye aliamriwa afungue geti. Mahakamani hakuna aliyemuuliza habari za lori. Nyumbani kwake hapakukutwa hata mwavuli mmoja. Mtu yule alikuwa akija kwetu kwenye mvua amejifunika gunia.

Ndiyo maana tulimchora yule mbwa mzee, Mlinzi Kifundo, anayesingiziwa, na ndiyo maana Sange alikuwa amfuate Meneja Fisi hadi kwenye lori lake. Ukurasa wa mwisho niliuchora, haukuchapwa. Abasi alifia kifungoni.

Ruhusa nakupa. Sharti langu ni moja tu: mwisho uwe uleule. Fisi ndiye mwizi, na Kifundo arudishiwe filimbi yake mbele ya watu wote. Kama haiwezekani, mwacheni Sange apumzike.

Ndugu yako,
Castory Mkude


Dar es Salaam
2 Aprili 1997

Kaka Castory,

Umenitoa machozi na kunichekesha katika ukurasa mmoja. Vijana nimewasomea.

Kuhusu mwisho usiwe na wasiwasi, uzito wake tunaufahamu. Mfadhili ni mfanyabiashara anayependa mambo ya watoto; hayo mengine ni ya ofisini, nisikuchoshe nayo. Nakutumia karatasi nzuri, wino, na hati za ruhusa ambazo mwanasheria amesisitiza uzisaini. Nimeweka alama ya penseli kila mahali pa saini yako.

Tatizo letu kubwa ni Kifundo. Sange anatembea vizuri, Fisi anatembea vizuri, lakini Kifundo akitembea anaonekana kama mbwa aliyelewa. Vijana hawajawahi kumwona mtu yule. Wewe ulimwona kila siku. Tuchoree mwendo wake, hatua kwa hatua, mguu unavyoanza na bega linavyofuata, hadi anapofika. Bila mwendo huo hatuna filamu.

Shobha


Kinole
18 Mei 1997

Dada Shobha,

Michoro hiyo. Imenichukua muda kwa sababu mkono ulikuwa umesahau, na kwa sababu ya palizi.

Waambie vijana kwamba Abasi hakuwa akiburuta mguu. Alikuwa akiurusha kwanza pembeni, mkavu, bila kuukunja, kama mtu anayesukuma geti. Kisha bega la kulia linashuka, mwili unafuata, halafu anangoja kidogo, kana kwamba anaupa mguu nafasi ya kumfikia. Mkono wa kushoto ulishika koti kifuani maana lilibaki na kifungo kimoja. Ili niuone tena mwendo huo nilimwomba mke wangu Magreth ajifunge fimbo gotini na kutembea uani. Jirani akaja kuuliza ameumwa lini.

Nilipomaliza nilizipanga karatasi juu ya jamvi kwa mfuatano na nikakaa nazitazama. Alikuwa yeye, Shobha. Nilitaka kumwambia karibu, ingia, mvua hiyo.

Hati nimezisaini zote. Magreth alisema nizisome kwanza, au nimpe mwalimu azisome. Nikamwambia Shobha amekaa pembeni yangu akisahihisha maneno yangu miaka yote ile, nisome nini.

Jina la mfadhili hukulitaja. Si kwamba nakushuku.

Castory


Dar es Salaam
25 Agosti 1997

Kaka Castory,

Anatembea! Jana tulimtazama Kifundo kwa mara ya kwanza kwenye skrini, anavuka uwanja wa kiwanda wakati wa mvua, anaurusha ule mguu, anangoja. Nilitoka nje nikasimama koridoni. Mmoja wa vijana kaniambia kwamba mwendo ule umempa wazo kubwa sana la hadithi. Michoro yako imebandikwa ukutani na kila mgeni anaiulizia.

Onyesho la kwanza tutalifanya Morogoro, kwa sababu ndiko kwao Sange. Ukumbi tumeshapata, kwa mwezi wa tatu mwakani. Tarehe nitakujulisha.

Nisamehe kwa ufupi huu, tunakesha hapa.

Shobha


Kinole
20 Januari 1998

Mwanangu Shakila,

Natumaini barua hii inakukuta salama hapo Ngerengere, wewe na mwanao na mama yako, Bi Chausiku. Sijui kama unanikumbuka. Mimi ni Castory, mchoraji, rafiki wa marehemu baba yako kule kwenye mashine ya kuchapa ya Mzee Dinesh. Ulikuwa mdogo, ulikuwa ukija na baba yako ukaomba vipande vya karatasi za rangi. Anwani yako nimeipata kwa fundi mmoja wa mjini, kaniambia na wewe ni fundi cherehani, unashona sare za shule.

Nakuandikia kwa jambo la furaha. Ile hadithi yetu ya miavuli, tuliyomtetea baba yako ndani yake, imetengenezwa filamu. Itaonyeshwa Morogoro mwezi wa tatu, ukumbini, mbele ya watu wote, na baadaye kwenye televisheni. Baba yako yumo. Ni katuni, ni mbwa, lakini ukimwona akitembea utamjua. Na mwishoni mji mzima utaambiwa kwamba hakuwa mwizi.

Naomba mje, wewe na mama; tarehe itatangazwa redioni. Nauli ninawatumia humu. Mimi nitashuka na lori la matunda na nitawangoja mlangoni. Kwa wenye filamu sijasema kitu. Nataka wawaone mkiwa mmeshaketi.

Baba yako mdogo,
Castory


Ngerengere
8 Februari 1998

Baba mdogo Castory,

Shikamoo.

Nakukumbuka. Ulikuwa na wino kwenye kucha. Baba alipenda kusema kwamba wewe ndiye mtu pekee mjini anayemtazama akitembea bila kumwonea huruma.

Barua yako nilimsomea mama. Kesho yake wakati tunapepeta mchele akasema yeye Morogoro haendi. Unajua tulihama kwa sababu ya shule; watoto walikuwa wakipiga miluzi ya filimbi nikipita na kuniita mtoto wa mwizi. Hata huku, mtu akitoka Morogoro na kutujua, mama huwa anaingia ndani.

Lakini jana ameniomba nimshonee gauni. Kachagua kitambaa mwenyewe. Wakati napima mabega yake akaniuliza kama ni kweli watalitaja jambo hilo mbele ya watu wote. Nikamwambia ndivyo ulivyoandika. Akasema basi atakwenda, ili alisikie kwa masikio yake, na kwamba tumchukue pia mwanangu amjue babu yake.

Tutakuja.

Mwanao,
Shakila Abasi


Dar es Salaam
3 Machi 1998

Kaka Castory,

Onyesho ni Jumamosi ya tarehe 14, mchana. Ila nasikia mvua hizi za El Nino zimeharibu barabara yenu na daraja limekwenda. Kwa kweli nakushauri usijisumbue. Baadhi ya mambo yalibidi yarekebishwe kidogo dakika za mwisho, ndivyo filamu zilivyo. Nitakutumia kanda, utaitazama kwa utulivu kwa padri au mahali popote penye video, kisha tutazungumza.

Usihatarishe maisha kwa ajili ya katuni.

Shobha


Ngerengere
16 Machi 1998

Baba mdogo Castory,

Shikamoo.

Tulikungoja mlangoni mpaka walipotaka kufunga. Mtu mmoja akatuambia magari ya Kinole hayashuki. Nakueleza yaliyotokea kwa sababu sidhani kama ulikuwa unayajua. Kama ulikuwa unayajua, usinijibu.

Ukumbi ulijaa, wengi watoto wa shule. Mama alikaa katikati yetu, amevaa gauni lake. Taa zilipozimwa akaja yule mnyama mwenye pua, watu wazima wakapiga makofi kabla hajasema neno. Kisha baba akatokea. Ulisema nitamjua, sikuwa tayari kumjua kiasi kile. Alivuka uwanja kwenye mvua, anashika koti. Mama alinishika mkono na kusema polepole, "Huyo."

Tukaendelea kungoja. Sange anapekua, anauliza, anapima alama za miguu kwenye tope. Meneja katika filamu ni fisi mpole, analia kwa sababu wafanyakazi wake watakosa mishahara. Mwishoni Sange anawakusanya wanyama wote getini. Anamzunguka yule mbwa, anamnusa, kisha anasema, na maneno yakaandikwa hewani ndani ya kiputo ili kila mtoto aweze kuyasoma: "Mguu huu haukunjiki kwa sababu si mguu."

Akavuta kitu kwenye suruali ya baba. Ulikuwa mwavuli. Alikuwa akiitoa miavuli ndani ya suruali, mmoja mmoja, ndiyo maana anatembea vile. Mwingine ukafunguka humohumo ndani ya suruali, upepo ukamwinua juu, anapiga kelele, na filimbi ikamwanguka. Alipotua chini akakimbia. Alikimbia vizuri kabisa, Baba mdogo, kwa miguu yote. Hakuwa na ubovu wowote.

Ukumbi ulicheka hata viti vikatikisika. Mwanangu naye alicheka. Ni mtoto, hakumjua babu yake. Alimgeukia bibi yake ili wacheke pamoja.

Taa zilipowashwa mtu mmoja alipanda jukwaani kushukuru watu. Walimtaja kuwa ndiye mfadhili wa filamu. Mimi sikumfahamu kwa sura. Mama alimfahamu. Alikuwa Bwana Geofrey.

Mtu wa nyuma yetu alisema, sasa tumejua, miaka yote hii kumbe ni mlinzi.

Tulirudi kwa treni. Mama hakulivua lile gauni mpaka jana jioni.

Shakila


Kinole
11 Aprili 1998

Shobha,

Daraja lilipowekwa magogo nilishuka mjini. Sikutaka kumjibu binti wa Abasi, wala kukuandikia wewe, kabla sijaona kwa macho yangu. Walikuwa wakiionyesha tena kwa wanafunzi. Nikakata tiketi nikaketi nyuma.

Nitaanza na sifa, maana unazistahili. Sijaona kazi nzuri kama ile. Pua, koti, mistari inayotetemeka, doa la wino la Mzee Dinesh kwenye kona; hamkusahau kitu. Wazee wawili pembeni yangu walishikana mikono kwa furaha. Na ule mwavuli ulipofunguka nilicheka, Shobha. Nikijua ni nini, nikijua ni nani, nilicheka kabla sijajizuia, kwa sababu umetengenezwa vizuri sana. Hilo ndilo siwezi kukusamehe.

Mwendo ule nilikupa mimi. Niliufundisha mguu wa mke wangu mwenyewe ili nikuletee. Goti lilivunjwa na kiwanda, na ninyi mmelifanya kuwa ushahidi. Wakati wa kesi walisema Abasi ni mwizi, lakini hata wao hawakuthubutu kusema kwamba si kilema.

Mjane wake alikuwa ukumbini. Niliwaalika mimi, yeye na binti na mjukuu. Nilitaka kukushangaza.

Nimepita pia pale kiwandani. Geofrey amekinunua serikali ilipouza, na mashine zimeng'olewa. Ni ghala sasa, limejaa miavuli ya kutoka ng'ambo, na getini kuna mlinzi. Nilisimama pale kwa muda. Geofrey ndiye aliyelipia wino wangu, na wewe ulijua siku uliyoandika kwamba hutaki kunichosha na mambo ya ofisini.

Ule mwisho wa kweli ninao kichwani. Nitauchora tena na kuubandika sokoni Morogoro, palepale tulipokuwa tukiuza gazeti.

Castory


Dar es Salaam
30 Aprili 1998

Kaka Castory,

Sikujua habari za mjane. Naapa kwa roho ya baba yangu. Kwa nini hukuniambia umewaalika? Ningezuia. Ningewapigia magoti wasiingie. Nilikuandikia usije kwa sababu sikutaka uone ukiwa katikati ya watu wanaocheka. Sikufikiri kwamba yupo mwingine wa kumzuia.

Utanichukia, lakini nieleze ilivyokuwa. Geofrey hakuamuru kitu. Alikuja studio mara moja, akatazama, akasifu. Akasema tu kwamba zama zimebadilika, kwamba siku hizi meneja ndiye anayetoa ajira, na kumfundisha mtoto kuwa mwenye kiwanda ni mwizi ni kumrudisha nyuma. Kisha akanywa soda akaondoka. Tulibaki mezani hakuna anayemtazama mwenzake. Ndipo kijana mmoja, ambaye hajawahi kumsikia Abasi ila kwa barua yako, akasema: na kama ule mguu ndio siri? Wote wakacheka, kwa sababu ni wazo zuri. Mpelelezi mzuri anafichua kitu kilichokuwa mbele ya macho yetu tangu mwanzo. Wewe mwenyewe ulinifundisha hivyo.

Nilikuwa na nafasi ya kusema hapana. Niliiona ikipita. Nilifikiri mtu ameshakufa, watu wameshasahau, na Sange angalau ataishi. Kama ningekataa angebaki kwenye magazeti yanayoliwa na mchwa. Wewe una mlima wako na machungwa yako, Castory. Mimi nilimwona baba akikaa mbele ya mashine isiyo na karatasi mpaka akawa hasemi. Nilitaka kitu kimoja tulichokifanya kisife.

Sasa lazima nikwambie jambo jingine, na nakuomba ulisome kama ndugu. Usiubandike mwisho wako. Katika hati ulizosaini, Sange na Fisi na Kifundo na majina yao na sura zao ni mali ya kampuni. Mwanasheria ameshauliza kama unazo karatasi zozote za zamani. Filamu itaanza kuonyeshwa kwenye televisheni mwezi wa sita. Tafadhali.

Shobha


Kinole
17 Mei 1998

Shobha,

Nimempelekea mwalimu hati zile akanisomea. Ni kama ulivyosema. Sange si wangu.

Mwambie mwanasheria wako asiwe na hofu. Sitawachora tena hao wanyama.

Usiniandikie.

Castory Mkude


Kinole
17 Mei 1998

Mwanangu Shakila,

Nimechelewa kukujibu kwa sababu ulisema kama nilikuwa nayajua nisikujibu, na nilitaka kwanza nijue ni kitu gani nilichokuwa sikijui. Sikujua jina la mfadhili. Sikujua habari ya mwavuli. Lakini mwendo ulitoka mkononi kwangu, na ruhusa pia, nikasaini bila kusoma. Mlikwenda pale kwa neno langu.

Nilitaka kuutangaza mwisho wa kweli sokoni. Nimezuiwa kisheria. Basi nikakaa nikachora kitu ambacho hakuna kampuni inayoweza kusema ni chake: baba yako mwenyewe. Si mbwa. Abasi, mtu, na sura yake, amekaa juu ya bunda la karatasi pale kwa Mzee Dinesh, anasimulia habari ya lori. Nadhani nimempata, hasa macho.

Namtuma kwa mtu anayekuja Ngerengere, asikunjwe na posta. Ni wa mama yako, Bi Chausiku. Naomba umpe mkononi, na umwambie naomba radhi.

Castory


Ngerengere
14 Juni 1998

Baba mdogo Castory,

Shikamoo.

Picha ilifika, imesokotwa vizuri, haikuwa imelowa. Nilimpa mama mkononi kama ulivyosema.

Aliitandaza mapajani akaitazama mpaka chai ikapoa. Nilidhani atalia, hakulia. Akasema ni yeye, macho ni yake. Kisha akaniambia nichukue kalamu, niandike kama anavyosema, nisipunguze neno:

"Mwambie simlaumu kwa ile filamu. Mwambie zamani hawakutuuliza walipomgeuza mbwa ili wamtetee. Gerezani walianza kumwita Kifundo, askari na wafungwa, kwa sababu gazeti lilikuwa likifika hata huko. Alikufa anaitwa hivyo. Mwambie, wewe ulimchora mume wangu alivyokuwa akitembea. Mimi ndiye niliyekwenda kumwona alipoacha kutembea, na huko sikukuona."

Hayo ndiyo maneno yake. Mimi binafsi sina la kuongeza, ila kwamba filamu imeanza kuonyeshwa. Jirani mwenye televisheni anawaachia watoto wa mtaa waingie. Mwanangu ameshajifunza ule mwendo, anaurusha mguu uani na wenzake wanacheka. Sijamkataza. Nikimkataza ataniuliza kwa nini, na bado sijajua niseme nini.

Mama amesema picha irudi kwako, na anaomba usimchore tena. Sikupata mtu anayekuja huko, kwa hiyo imebidi niikunje iingie kwenye bahasha. Nimejitahidi mkunjo usipite usoni.

Shakila Abasi